Pampu ikivuta maji ya shimo na nyumba ya jirani ikapasuka: kutafuta chanzo Mwanza na kandokando ya ziwa

Mwongozo huu ni wa wanaochimba misingi ya maghorofa, vyumba vya chini, mashimo ya matangi na mitaro mirefu ya mabomba chini ya usawa wa maji, na pia wa wenye nyumba waliopakana nao. Jijini Mwanza tatizo hili lina sura yake. Nyumba nyingi zimekaa nusu juu ya jiwe kubwa la graniti na nusu juu ya udongo uliojaa kati ya mawe. Maji yakivutwa, jiwe halishuki. Udongo ndio unaoshuka. Nyumba ya tambarare ikishuka sentimita 2 yote kwa pamoja, mwenyewe huenda asijue. Nyumba ya Isamilo au Mabatini ikishuka sentimita 2 upande mmoja tu, inakatika. Kwa hiyo kabla hujatafuta chanzo cha ufa wowote, jua kwanza nyumba imekalia nini na udongo huo unaishia wapi.

Kinachotokea chini

Maji yaliyojaa katikati ya punje za udongo hubeba sehemu ya uzito wa kila kilicho juu yake. Yakiondolewa, mzigo ule unahamia kwenye punje zenyewe, nazo zinabanana. Mhandisi wa udongo Karl Terzaghi aliieleza kanuni hii miaka ya 1920, na hesabu yake ya kazini ni nyepesi: kila mita 1 ya maji inayoshuka inauongezea udongo ulio chini karibu kilopaskali 10, yaani kama tani 1 kwa kila mita ya mraba. Ghorofa moja ya kawaida ya zege na tofali ina uzito wa kiasi hichohicho. Ukishusha maji mita 3 chini ya nyumba ya jirani, ni kama umeutwisha udongo wake ghorofa tatu nyingine, tena si chini ya kuta peke yake bali eneo lote.

Udongo unaupokeaje mzigo huo? Hapo ndipo tofauti inapokuwa kubwa. Chukua tabaka la mfinyanzi laini mweusi lenye unene wa mita 4, kama yale ya mabondeni yaliyokuwa na mafunjo na matete zamani, na maji yashuke mita 2. Mshuko unaweza kufika milimita 40. Mchanga ulioshikamana wenye unene uleule, chini ya mzigo uleule, utashuka milimita 2 hivi. Mfinyanzi pia unachelewa: tabaka likiwa nene mara mbili, muda wa kubanana unakuwa mara nne. Nyumba iliyo juu ya mfinyanzi inaweza kuanza kupasuka wiki kadhaa baada ya pampu kuwashwa, na ikaendelea kwa miezi.

Umbali unaofikiwa unategemea jinsi maji yanavyopita ardhini. Kwa kanuni ya Sichardt, inayokadiria athari ya pampu inafika umbali gani, ukishusha maji mita 3 kwenye mchanga wa wastani athari inafika mita 90 hivi. Kwenye mchanga mwembamba wenye vumbi, karibu mita 30. Kwenye udongo wa vumbi tupu haizidi mita 10. Ni makadirio ya kuanzia tu. Mwanza maji hupita pia kwenye nyufa za mwamba, kwa hiyo nyumba iliyo mita 80 inaweza kuguswa huku iliyo mita 15 ikibaki salama. Nyumba ya kupima usiichague kwa umbali peke yake.

Kuna jambo moja la ziwa lenyewe ambalo wachimbaji wengi hawalifikirii. Mwishoni mwa 2006 Ziwa Victoria lilishuka sana, na karibu na ufuko maji ya ardhini yalishuka pamoja nalo. Udongo wa hapo ulikwisha kubeba mzigo wa maji kupungua. Mwaka 2020, na tena 2024, ziwa lilipanda mno. Ukivuta maji leo bila kupita usawa wa wakati ule wa chini, udongo ulio chini ya nyumba ya zamani utabanana kidogo tu. Ukipita hapo, unaubana kwa mara ya kwanza, na mshuko unaruka. Nyumba zilizojengwa baada ya 2006 usizihesabie nafuu hiyo yote, kwa sababu uzito wake haukuwepo wakati maji yalipokuwa chini.

Vipimo ambavyo bila hivyo hakuna utatuzi

Hivi vifanyike angalau wiki mbili kabla ya pampu ya kwanza kuwashwa. Vikikosekana, mchimbaji na jirani watabaki kubishana bila ushahidi.

Mabomba ya kupimia maji: paipu la PVC la inchi 2, limetobolewa au kukatwa matundu membamba mita 1 ya chini, limevikwa kitambaa cha kuchujia. Shimo lake lipite chini ya usawa wa mwisho unaotarajia maji yafike, angalau kwa mita 1. Jaza mchanga safi mkubwa kuzunguka matundu, kisha ziba nusu mita ya juu kwa mfinyanzi au saruji, la sivyo mvua itateremka pembeni mwa paipu na kukudanganya. Weka matatu kwa mstari mmoja: ukingoni mwa shimo, kwenye ukuta wa jirani, na nyuma ya nyumba ya jirani. Pima asubuhi na jioni kwa futikamba ya chuma iliyopakwa chaki.

Nyufa: piga picha zote, zikiwemo za zamani, kwa tarehe na rula ikionekana. Kwa kila ufa mkubwa pigilia misumari miwili ya chuma, mmoja kila upande, na upime umbali wake kwa kalipa, kifaa cha kupimia nafasi ndogo. Kiraka cha plasta juu ya ufa kitakuambia kwamba umesogea. Hakikuambii umesogea kiasi gani.

Usawa: weka alama kwenye kila nguzo au kona, upime kwa dampi (darubini ya kupimia usawa) ukianzia alama iliyochongwa kwenye mwamba. Hapa Mwanza ina bahati, alama isiyoshuka iko karibu kila mtaa. Hakikisha tu ni mwamba wenyewe na si jiwe lililolala juu ya udongo. Mpira wa maji unafaa ukikosa dampi, lakini usahihi wake hauzidi milimita 2 au 3.

Kisha chora mistari mitatu kwenye karatasi moja yenye tarehe: saa za pampu, usawa wa maji, upana wa ufa. Karatasi hiyo ndiyo itakayojibu karibu kila kitu kinachofuata.

Dalili: ufa wima, au wa ngazi, unaopita mahali pamoja chini hadi juu

Ufa unaanza kwenye jamvi (zege la sakafu), unapanda ukutani, unatokea upande wa pili wa nyumba kwenye mstari uleule. Juu ni mpana kuliko chini. Milango ya upande mmoja inakwama, ya upande mwingine inafunguka kama kawaida. Hii ndiyo dalili ya nyumba iliyokaa nusu jiwe, nusu udongo, na mstari wa ufa ni ukingo wa jiwe.

Kuthibitisha: chimba vishimo viwili vya mita 1 kwa mita 1 pembeni mwa msingi, kimoja kila upande wa ufa, hadi chini ya msingi. Ukikuta jiwe kimoja na udongo kingine, chora mshuko wa kila kona. Upande wa jiwe utasoma sifuri. Tazama pia kama msingi wa upande wa udongo ulijengwa kwa mawe yaliyopangwa juu ya kifusi, maana kifusi kikipoteza maji kinashuka kuliko udongo wa asili.

Kipimo cha hatari ni tofauti ya mshuko kati ya sehemu mbili, ukigawanya kwa umbali kati yake. Nguzo mbili zikiwa mita 6 kati yake, tofauti ya milimita 6 (1 kwa 1,000) inatosha kuita mhandisi. Milimita 12 (1 kwa 500) ndiyo kikomo cha kawaida cha usalama wa kuta: punguza pampu. Milimita 20 (1 kwa 300) kuta zinapasuka. Milimita 40 (1 kwa 150) mihimili na nguzo zenyewe ziko hatarini. Kwenye nyumba ya nusu jiwe, umbali wa kugawanyia mara nyingi si mita 6 ya nguzo bali mita 1 au 2 za ukingo wa jiwe. Ndiyo maana milimita 8 tu zinatosha kuipasua.

Cha kufanya: rudisha maji upande wa udongo. Chimba mtaro wa sentimita 60 kati ya shimo na nyumba, karibu na nyumba kuliko shimo lakini usiuguse msingi wala kwenda chini yake. Jaza kokoto, na uelekeze humo sehemu ya maji ya pampu baada ya kutuama kwenye tangi. Maji yenye tope yataziba mtaro kwa siku chache. Lengo ni bomba la kupimia la jirani lisome usawa wa awali, au pungufu yake isiyozidi sentimita 30. Usizidishe, kwa sababu maji yakipanda juu ya usawa wa asili kifusi kikavu kinalowa na kuporomoka. Kama juu kuna mfinyanzi na mchanga uko chini yake, mtaro haufiki. Toboa visima vidogo vya kurudishia hadi kwenye mchanga.

Dalili: maji ya pampu yana rangi, jamvi la jirani linalia tupu

Hii ndiyo dalili tunayoihofia kuliko zote, kwa sababu haisubiri miezi. Udongo haubanani tu, unachukuliwa. Graniti iliyooza, iliyo sehemu nyingi za Mwanza chini ya tabaka la juu, hugeuka mchanga wenye vumbi usioshikana, na pampu ikivuta bila kichujio inaubeba.

Kinga maji mdomoni mwa bomba la kutolea, pampu ikiwa imefanya kazi nusu saa, kwenye chupa angavu ya lita 1.5. Iache isimame. Mchanga utatua kwa dakika moja au mbili, vumbi kwa saa kadhaa. Kausha na upime kwa mizani ya duka la dhahabu. Tuseme ni gramu 1 tu kwa lita, na pampu inatoa lita 5 kwa sekunde. Hiyo ni kilo 432 kwa siku, karibu robo ya mita ya ujazo ya ardhi. Baada ya siku kumi, mita 2.5 za ujazo zimeondoka mahali fulani, na mahali hapo huenda ni chini ya sebule ya mtu. Maji ya pampu yanapaswa kuwa meupe baada ya saa za mwanzo. Yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa hadi siku ya pili, kazi isimame.

Gonga jamvi la jirani kwa kipande cha nondo, hatua kwa hatua. Sauti ya tupu ichorwe kwenye ramani ya chumba. Tazama uani: vidimbwi vipya, ngazi iliyoachana na ukuta, uzio ulioinama.

Chanzo karibu kila mara ni shimo la kukusanyia maji lililochimbwa wazi, mpira wa pampu ukatupwa ndani, ukavuta kutoka chini kabisa. Wengine humwaga kokoto za milimita 20 wakidhani wamechuja. Hazichuji. Kichujio kikamate mchanga kinahitaji punje zake ndogo (ile saizi ambayo asilimia 15 ya kichujio ni ndogo kuliko hiyo) zisizidi mara 5 ya punje kubwa za udongo (saizi ambayo asilimia 85 ya udongo ni ndogo kuliko hiyo). Kwa mchanga ambao saizi hiyo ni milimita 0.4, kichujio kianze na punje za milimita 2 au ndogo zaidi. Yaani mchanga mkubwa kwanza, kokoto baadaye.

Njia ya kurekebisha: chimba shimo la kukusanyia mita 1 chini ya usawa wa kazi. Simamisha pipa la lita 200 lililotobolewa pande zote, livike kitambaa cha kuchujia. Zungushia sentimita 30 za kichujio, mchanga mkubwa ukigusa udongo na kokoto za milimita 10 hadi 20 zikigusa pipa. Pampu ikae ndani, mdomo wake sentimita 30 juu ya kitako. Usitumie pampu kubwa kuliko maji yanayoingia. Pampu ya inchi 3 inayovuta kwa vipindi na kukauka kila dakika mbili inayatikisa maji na kuchota mchanga. Ndogo inayokwenda bila kukatika ni bora.

Sehemu ya sakafu ya shimo ikichemka, maji yakibubujika na kujenga kijilima cha mchanga, mkono wa kwanza wa wengi hukimbilia zege au magunia ya mfinyanzi kuziba. Maji yatatokea pengine kwa nguvu zaidi. Mwaga mchanga mkubwa, kisha kokoto juu yake, unene wa nusu mita: maji yapite, mchanga ubaki. Kama yanazidi, acha shimo lijae maji mpaka usawa utulie. Ni hasara ya siku, na inaokoa nyumba.

Dalili: kila pampu ikiongezwa, maji hayashuki

Uko karibu na ziwa, na ziwa halikaukiwi. Kirumba, Igogo, Mkuyuni, popote mchanga unapogusana na maji ya ziwa, kuongeza pampu kunaongeza mwendo wa maji ardhini, na mwendo ndio unaobeba udongo. Wakati huohuo upande wa nchi kavu, ambako hakuna ziwa la kujaza, maji yanashuka kupita ulivyotaka, na ndiko nyumba ziliko. Tazama mabomba ya kupimia: la upande wa ziwa likisimama na la upande wa mtaa likishuka, acha kuongeza pampu. Zuia maji kwa kuta za chuma zilizopigiliwa hadi kwenye tabaka lisilopitisha maji. Kwenye mawe makubwa hazipigiliki, kwa hiyo sindika saruji kwenye mapengo, au badilisha usanifu upunguze kina. Chimba kwa vipande, sehemu moja ikimwagwa zege kabla ya nyingine kufunguliwa. Usawa wa maji huwa juu baada ya masika. Agosti na Septemba kazi ileile inahitaji maji machache kuvutwa.

Dalili: ufa uko kwa jirani wa kwanza tu, na ukuta umeinama kuelekea shimo

Hapa usiilaumu pampu kwanza. Ufa ulio ndani ya umbali wa mara mbili ya kina cha shimo, unaofunguka siku ileile ya kuchimba, mpana upande wa shimo, pamoja na mstari wa ufa uani unaofuata ukingo, ni ardhi inayosogea kwa kukosa egemeo. Timazi itaonyesha ukuta umetoka kwenye wima. Rudisha kifusi mguuni mwa ukingo kwa mteremko leo hii, kisha egemeza. Kurudisha maji ya mtaro hapa ni kosa kubwa, kwa sababu unauongezea ukingo msukumo.

Kujua upande uliozama kwenye ufa wa mshazari: chora mstari unaoukata ufa kwa pembemraba, uelekee chini. Unaelekeza palipozama.

Dalili: kisima cha jirani kimekauka

Ni onyo la bure kwamba athari imefika hapo. Pima usawa wake, kiweke kwenye orodha ya mabomba ya kupimia, na mpatie jirani maji mpaka kazi iishe.

Dalili: nyumba ilitulia, ikapasuka pampu zilipozimwa

Mara nyingi umeme ulikatika usiku na jenereta haikuwashwa. Maji yanarudi kwa kasi, kifusi kilichokauka kinalowa na kuporomoka, na mfinyanzi mweusi wa mbuga unavimba. Ndani ya shimo hatari ni nyingine: tabaka la mfinyanzi la mita 1 chini ya sakafu lina uzito wa kilopaskali 18 hivi, kwa hiyo maji ya mchanga ulio chini yake yakiwa na kimo cha mita 1.8 kutoka kitako cha tabaka yanatosha kulinyanyua. Tangi jipya nalo linaelea: likiwa mita 3 ndani ya maji linasukumwa juu kwa kilopaskali 30, wakati kitako cha zege cha sentimita 40 kina 10 tu. Usizime pampu mpaka uzito wa jengo umeshinda msukumo huo, na uzime kidogo kidogo kwa siku kadhaa ukisoma mabomba. Pampu ya akiba yenye injini yake iwe palepale.

Zisizotokana na pampu

Nyufa nyembamba kama utando kwenye lipu mpya ni lipu kukauka. Nyufa zinazofunguka kiangazi na kufunga masika kila mwaka ni mfinyanzi wa mbuga. Ufa unaokua karibu na bomba linalovuja ni bomba: soma mita ya maji usiku kila bomba likiwa limefungwa. Baruti na nyundo za kuvunja mawe hupasua lipu na vioo siku ileile, bila kona kushuka. Karatasi ya mistari mitatu itavitenganisha.

Kutengeneza

Udongo uliobanana haurudi juu maji yakirudi, ila kidogo sana. Usizibe ufa wakati bado unakua. Subiri misumari isome upana uleule kwa miezi mitatu, ikiwemo angalau msimu mmoja wa mvua. Hadi milimita 5, safisha, jaza, piga lipu upya. Kati ya 5 na 15, fungua tofali na uzishone upya kwa nondo kwenye mistari ya saruji. Zaidi ya 15, mhandisi aangalie msingi kabla ya ukuta. Msingi wa upande wa udongo ukihitaji kuteremshwa hadi jiwe, uchimbwe kwa vipande visivyozidi mita 1, visivyopakana, kila kimoja kikijazwa zege na kukauka kabla ya cha pili.

Maji ya chini ya ardhi hapa yanasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye ofisi Mwanza, chini ya sheria ya rasilimali za maji ya 2009. Swali la kibali cha kuvuta, na la wapi maji yenye tope yatamwagwa, lipelekwe huko kabla ya kuchimba. Kuyaelekeza Mto Mirongo au ziwani bila kuyatuamisha ni kujaza mchanga kwenye mfereji ambao mvua ijayo itauhitaji mtupu.